Sura ya Sita: Nyota ya Mwenzio

Msafiri anayefika Busia kwa mara ya kwanza, tena peke yake, hutarajia mpaka umsimamishe. Ameitazama ramani, ameuona ule mstari, sasa anangoja ukuta, lango, au askari wa kumwambia kwamba nchi inaishia hapa. Badala yake anakuta barabara inaendelea na maduka yanaendelea. Wanawake wenye beseni vichwani wanapita bila kugeuka, baiskeli zilizopakiwa magunia zinasukumwa, wanafunzi waliovaa sare wanavuka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa jirani. Naye anaufuata mkondo huo. Muda si muda anatajiwa bei zenye sifuri nyingi, simu inamkaribisha kwa ujumbe wa kampuni nyingine, na kumbe yumo ndani ya Uganda wala pasipoti yake haijagongwa muhuri. Hakuna aliyemdanganya wala aliyemsukuma. Amefanya kile alichowaona wengine wakifanya. Wahenga walikwisha kuonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Katika sura hii nadai kwamba masahibu madogo yanayompata msafiri wa peke yake katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba hayaletwi na ugumu wa mpaka, yanaletwa na wepesi wake. Na kwamba kule kuponea chupuchupu ambako msafiri akirudi kwao hukuita bahati, kwa kawaida kuna mtu aliyekufanya, tena mtu mwenye mahali pake pa kazi panapojulikana.

Tuanze na huo muhuri, kwa maana ndiyo hadithi inayosikika zaidi. Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia kilizinduliwa tarehe 24 Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na kazi yake inaongozwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 kuhusu vituo vya namna hiyo. Wazo lake ni zuri. Zamani msafiri alisimama mara mbili: upande mmoja kutoka, upande wa pili kuingia, akapanga foleni mbili. Siku hizi husimama mara moja tu, kwenye nchi anayoingia, ambako maofisa wa mataifa yote mawili wamekaa chini ya paa moja. Kwa hiyo anayetoka Kenya analipita jengo la Kenya bila kusimama, kisha anamaliza kila kitu upande wa Uganda. Anayetoka Uganda anafanya kinyume chake. Kwa mfanyabiashara na dereva wa lori, hii ni nafuu kubwa. Lakini mtazame mgeni asiyejua utaratibu. Jengo la kwanza lenye bendera analoliona, ambalo akili yote inamwambia ndilo la kusimama, silo. Anaambiwa apite. Akishazoea kupita, analipita na la pili. Utaratibu uliobuniwa ili kumpunguzia usumbufu umemwondolea pia ishara ya kumkumbusha. Kosa lake halitajulikana siku hiyo. Litajulikana wiki mbili baadaye, atakapotoa pasipoti kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe, na ofisa akaifungua ukurasa hadi ukurasa akitafuta alama ya kuingia isiyokuwepo.

Mbona basi wale waliomtangulia hawasumbuliwi? Kwa sababu hawasafiri chini ya kanuni zilezile. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikaafikiana kwamba raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Mkazi wa Nambale au Khunyangu anayekwenda kununua ndizi upande wa pili ana haki ambayo mgeni hana, na juu ya haki hiyo ana uso unaojulikana. Hata Mtanzania, ndugu wa Jumuiya na mwenye lugha yenyewe mdomoni, hakuwa ndani ya makubaliano yale ya nchi tatu. Akiwa na kitambulisho chake tu mfukoni, kwa kuwa amemwona Mkenya aliye mbele yake akipita na cha kwake, tayari amesafiria nyota isiyo yake. Mcongo, Mnaijeria, Mjerumani, kila mmoja ana masharti yake: huyu viza, yule kibali cha kielektroniki ambacho Kenya ilianza kukidai mapema 2024 mahali pa viza, na karibu wote cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho kina mtego wake wa kimyakimya. Chanjo huhesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10, kwa hiyo anayechanjwa mkesha wa safari ana cheti halali ambacho bado hakijaiva.

Wepesi huu una mizizi, nao si uzembe wa maofisa. Hadi 1902 ardhi yote hii, kutoka Malaba hadi kuipita Kisumu kwenda bondeni, ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamishia upande unaoitwa leo Kenya, na mstari wenyewe ukaja kuwekwa sawa kwa amri ya 1926, ukifuata mito kama Sio na Malaba. Mto ni alama nzuri kwa mchora ramani. Kwa Wasamia, Wakhayo na Wateso, mto ni mahali pa kuteka maji, na pande zote mbili ni nyumbani. Salamu ya mulembe inaitikiwa huku na kule, na yoga ya Wateso vilevile. Ukoo mmoja una makaburi Kenya na mashamba Uganda. Hata neno boda boda, ambalo sasa linatumika hadi miji isiyo na mpaka wowote, inasimuliwa kote kuwa lilizaliwa hapa, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwabeba watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine, katika ule mwanya ambao magari hayakuruhusiwa kuupita ovyo. Mpaka huu umewahi pia kuwa mgumu. Idi Amin alidai sehemu za magharibi ya Kenya mwaka 1976, na mnamo Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi papa hapa Busia na njia ikafungwa. Wazee wanayakumbuka hayo. Lakini vipindi vya kufungwa vilikuwa vifupi, na maisha yaliyo chini yake ni marefu, ndiyo maana kila mpaka unapolegea watu hurudi kutembea kama walivyotembea babu zao. Mgeni anauona mwendo huo na kuudhania kuwa ndiyo sheria ya mahali.

Kutoka hapo masahibu mengine yanafuata njia ileile: kitu kinafanana pande zote mbili, nacho si kimoja. Chukua pesa. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921 na ikaachwa mwaka 1966, kila nchi ilipotoa ya kwake. Jina likabaki, thamani zikaachana. Leo shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa karibu 28 za Uganda. Kama sarafu hizi zingekuwa na majina tofauti, kama faranga na dola, mgeni angekuwa macho. Lakini anaambiwa "elfu tano" na mwendesha pikipiki, naye, akiwa na hesabu ya Kenya kichwani, ama anashtuka na kugombana bure na mtu anayedai kitu kisichofika shilingi 200 za Kenya, ama, siku ya kurudi, anatoa noti ya Kenya ya 1,000 mahali palipotakiwa noti ya Uganda ya 1,000, na kwa kosa hilo moja amelipa mara 28. Kosa la kwanza humletea aibu, la pili humla nauli. Kuna nyakati hatari hii huzidi. Mwaka 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti mpya na kutangaza kwamba noti za zamani za 1,000 zitakoma tarehe 30 Septemba. Kwa miezi minne, popote palipokuwa na pesa za Kenya nje ya Kenya, mtu asiyefuatilia habari aliweza kupokea kwa nia njema karatasi ambayo baada ya wiki chache isingenunua hata kikombe cha chai.

Mfuko wa plastiki ni mfano ulio wazi zaidi, na nauona ni bora kuliko mwingine wowote kwa hoja hii. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu iliyoandikwa ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Upande wa Uganda mfuko uleule, kaveera, ungali mikononi mwa kila muuza nyanya. Hakuna kitu chepesi kuliko kaveera. Mtu haoni hata kwamba amebeba kitu. Mama wa Busia akinunua vitu vyake upande wa pili huvihamishia kwenye kikapu kabla ya kuvuka, bila hata kufikiri, jinsi mtu anavyovua viatu mlangoni. Mgeni aliyenunua machungwa ya njiani anakuja nayo vilevile, na kwa hatua chache tu ununuzi wa kawaida umekuwa kosa la jinai. Karibu kila mara yanaishia kwa onyo na mfuko kutupwa. Lakini pima umbali uliopo kati ya alichodhani anafanya na kile ambacho sheria inasema amefanya. Umbali huo ndio ninaouita wepesi, na tofauti ya mama na mgeni huyu si uadilifu, ni mazoea ya miaka.

Upweke unaingiaje hapa? Watu wawili wakisafiri pamoja, mmoja hushika foleni na mwingine hulinda begi. Mmoja huhesabu chenji na mwingine humtazama anayetoa. Mmoja akisahau, mwingine huuliza. Msafiri wa peke yake hana jicho hilo la pili. Ubaya wake huonekana sana kwenye mabasi ya usiku yanayokwenda Kampala kutoka Nairobi. Basi husimama mpakani, abiria wote hushuka na kupita kwa miguu kwenye madirisha ya uhamiaji, kisha gari hutangulia kuwangoja mbele. Mzigo umebaki ndani. Simu, ambayo siku hizi ndiyo tiketi, benki na ramani, huenda imebaki kwenye chaji kitini. Mwenye mwenza angesema, "Mngojee mwenzangu, bado yuko dirishani." Wa peke yake akicheleweshwa na swali moja la ofisa, kondakta anahesabu vichwa gizani, anakosea kwa kimoja, gari linaondoka. Hata saa inaweza kumponza. Waganda na Waswahili huhesabu saa kwa jua, ilhali tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu. Anayeambiwa kwa mdomo kwamba basi la kuunganisha linaondoka saa mbili, akaingoja saa 2:00 ya mchana iliyoandikwa kwenye simu yake, atafika stendi basi limekwenda tangu asubuhi.

Na bado wengi hawapotei. Hili ndilo jambo linalodai maelezo, na hapa ndipo neno bahati linapofanya madhara, kwa sababu linafunga mjadala kabla haujaanza. Wataalamu wa usalama waligundua zamani kwamba ajali iliyokaribia kutokea ina habari nyingi sawa na ile iliyotokea. Mwaka 1931 Mmarekani aitwaye Herbert Heinrich, aliyefanya kazi katika bima, aliandika kwamba nyuma ya ajali moja mbaya kiwandani kuna 29 ndogo na matukio 300 yasiyomjeruhi mtu. Tarakimu zake zimepingwa tangu hapo, na nakubali kwamba haziwezi kuwa kanuni ya kila mahali. Lakini msingi wa fikra umebaki. Ndiyo maana tangu 1976 Marekani ina mpango, unaoendeshwa na NASA, ambamo marubani na waongoza ndege huripoti kwa siri makosa yaliyokaribia kuwa maafa. Rubani aliyekosa kugongana na ndege nyingine hahimizwi kumshukuru Mungu na kunyamaza. Anaulizwa: ni nini kilichozuia? Nani aliona? Kwa nini aliona? Natamani wasafiri nao wajiulize hivyo. Ukiulizwa kuhusu kuokoka kwako Malaba, usiseme ulibahatika. Sema ni nani aliyekugusa bega.

Tuseme basi limeondoka. Abiria amesimama kando ya barabara, hana begi, hana simu. Kuanzia hapo mambo hutokea kwa haraka ambayo humfanya aone kama miujiza. Mwendesha boda anamwuliza, "Ni basi gani?" Akishalitaja, kijana huyo anajua litasimama wapi kujaza mafuta au kupanga mizigo, anajua kondakta wake kwa jina, na kama hamjui, mwenzake wa steji anamjua. Simu inapigwa. Pikipiki inaondoka, na mara nyingi gari linakutwa kilomita chache mbele. Hakuna muujiza humo. Mabasi ya kwenda Kampala yanapita hapo kila siku, saa zilezile, na abiria anaachwa mara kwa mara kiasi kwamba kumfikisha kwenye gari lake kumekuwa kazi yenye ujuzi wake na bei yake. Steji ya boda ina mwenyekiti, ina waliosajiliwa, ina adhabu kwa anayeichafua jina. Muuza chai aliye mkabala na dirisha la uhamiaji ameona nyuso nyingi za watu waliopotea kuliko ofisa aliye ndani, kwa sababu ofisa huona karatasi na muuza chai huona macho. Ndiye anayesema, "Mama, umegonga? Hujagonga, rudi pale." Kwa maneno hayo machache amemwokoa mtu na siku nzima ya mahojiano Entebbe, na mwokolewa hatajua kamwe kwamba aliokolewa. Hiyo ndiyo ajabu ya kuponea chupuchupu: kule kunakofana zaidi hakuna hadithi.

Nitaambiwa: wewe unawasifu watu walewale wanaoibia wageni. Ni pingamizi la haki. Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga, na kuku mweupe huonekana na kila jicho, la mfugaji na la mwewe. Anayejua kwamba hujui thamani ya noti anaweza kukueleza, na anaweza pia kukukunjia noti katikati ili ihesabiwe mara mbili. Anayejua kwamba basi lako limeondoka anaweza kukupeleka kwa bei ya kawaida au kwa bei mara tano. Anayejua njia za panya, zile zinazopita katikati ya nyumba za mitaa kama Sofia upande wa Uganda, anaweza kukuonya usizipite au kukuuzia njia hiyo kama fadhila. Ujuzi ni uleule, sikatai. Ninachokataa ni hitimisho kwamba kwa hiyo mgeni asimsikilize yeyote. Asiyemsikiliza yeyote hubaki na macho yake tu, na tumeona jinsi macho yake yanavyomdanganya Busia. Swali la maana ni kumtambua nani ana cha kupoteza. Aliyekaa na meza yake mahali pamoja miaka 10, ambaye jirani zake wanamwita kwa jina la mtoto wake, akikudhulumu utamkuta kesho palepale. Anayekufuata akitembea, anayekushika mkono, anayetaka mwondoke hapo mlipo kabla hamjapatana, hana kesho nawe. Kigezo hiki kina nyufa, kwa maana matapeli nao hukodi meza. Hata hivyo, nakiona ni imara kuliko kile wanachotumia wageni wengi, yaani mavazi nadhifu na Kiingereza kizuri.

Wengine watasema haya yote yanapita, kwamba mashine na mitandao vitammaliza mwokozi wa kando ya barabara. Kibali kitakuwa kwenye simu, pesa zitavuka zenyewe, kituo cha pamoja kitaondoa foleni. Sehemu ya hayo imeshatimia: tangu mwishoni mwa 2014 gharama za kupiga simu kati ya Kenya, Uganda na Rwanda zilishushwa chini ya mpango wa mtandao mmoja, na hilo limewasaidia wasafiri kuliko maonyo yote ya vitabu. Lakini nimeshaonyesha jinsi kituo cha pamoja kilivyoondoa tatizo moja na kuzaa lingine dogo. Naamini hivyo ndivyo vyombo vipya hufanya daima mpakani: huhamisha mahali pa kukosea. Aliyezoea foleni mbili alichoka, ila hakusahau.

Pingamizi lenye uzito zaidi kuhusu hoja yangu ni mwaka 2020. Mnamo Machi Uganda iliifunga mipaka kwa abiria ikawaachia malori tu, na muda mfupi baadaye madereva wa masafa marefu, watu wanaosafiri peke yao kuliko wote, wakawa ndio wanaoogopwa zaidi. Foleni ya kupimwa Korona ilirudi nyuma kutoka Malaba kwa makumi ya kilomita. Watu walilala chini ya malori yao siku kadhaa. Wenyeji waliokuwa wakiwauzia chakula na kuwalaza walianza kuwakwepa, na katika miji ya njiani madereva waliitwa wabeba ugonjwa. Januari 2022 foleni zilirudi, safari hii kwa sababu ya mgogoro juu ya ada ya vipimo. Ikiwa, kama ninavyodai, wenyeji ndio kinga ya msafiri, basi kinga hiyo ilivunjika pale ilipohitajiwa zaidi. Nalikubali hilo bila kulizunguka. Linanifundisha kwamba msaada wa mpakani si tabia ya asili ya watu wema. Ni mazoea yanayolishwa na mwendo wa kila siku, na mwendo ukikatika, au hofu ikiingia, mazoea hufa haraka. Ndiyo sababu inanisumbua ninaposikia mipango ya kupendezesha maeneo ya mpaka ikianza kwa kuwaondoa wachuuzi. Panaposafishwa vibanda vilivyo mkabala na dirisha, pameondolewa na yale macho.

Limebaki pingamizi la mwisho, lile ambalo nisingependa kulijibu kwa wepesi. Hadithi za kuokoka husimuliwa na waliookoka. Wale ambao njia ya panya iliwameza hawapo kusimulia. Busia na Malaba zimo katika njia inayowapitisha wasichana kutoka eneo la Karamoja, Uganda, kwenda kufanya kazi Nairobi. Na Uganda ilipowazuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda nje mnamo Januari 2016, mawakala waliwavusha kwa barabara ili wapandie ndege Kenya kuelekea nchi za Ghuba. Kwa mfanyabiashara wa mitumba, kutogongwa muhuri ni usumbufu wa kueleza. Kwa msichana wa miaka 17 ni kufutika: hakuna ofisi inayojua kwamba alitoka, wala inayojua kwamba aliingia. Wepesi uleule unaomponza mtalii kwa masahibu madogo ndio unaomficha anayemsafirisha binti huyu, na hakuna hesabu ya hadithi za kufurahisha itakayousawazisha. Siwezi kusema wauza chai watamwona kila mara. Mara nyingi hayuko peke yake. Ana "shangazi" anayezungumza badala yake.

Hata hivyo, liko swali moja ambalo watu wa huku humwuliza msafiri, nalo nimelifikiria kuliko mengine yote ya sura hii. Ofisa huuliza unakwenda wapi, na wapi ni rahisi kujibu, kwani mtu yeyote anaweza kufundishwa kutaja Nairobi. Kondakta anayepanga viti na mama anayechoma mahindi karibu na lango la basi huuliza hivi: "Unakwenda kwa nani?" Wageni wengi huliona swali hilo kuwa ni udadisi, na wengine hukasirika. Anayekwenda hotelini hutaja hoteli, anayekwenda kwa ndugu hutaja jina, anayekwenda kazini hutaja tajiri. Binti aliyevushwa hugeuka kumtazama shangazi. Mama wa mahindi ameshaona alivyogeuka. Anauliza tena, safari hii kwa Kiteso, akimtazama binti peke yake.